Shati la Baba Mkwe Halitoi Povu

Filomena, uko hewani? Mwenzio yamenikuta.

Leo tulikuwa tunafua nguo za marehemu baba mkwe, kule kwake Pugu. Shati lake likagoma kutoa povu, utando mweupe tu unaganda. Kina mama wakapokezana kulisugua, wapi!

Mie na ualimu wangu wa kemia nikajifanya mjuaji: "Ni maji ya kisima tu. Yana kalsiamu, inaing'ang'ania sabuni mpaka inaganda."

Shangazi yake mume wangu akanitazama. "Haya mkwe, hebu nawa wewe."

Beseni lile lile, sabuni ile ile. Povu mpaka viwikoni! POVU, Filo!

Akaniambia, "Sisi keshatuaga, ndiyo maana povu linatukataa. Wewe Baba hajakuaga."

Nimesharudi kwangu Kipawa. Nanawa kwa maji ya mvua, hayana kalsiamu kabisa.

Povu halitoki.