Jina la Gidi kwenye kioo

Jumamosi

Na kweli vifaa vyetu viwili vimeshikana. Nilihofia programu niliyoiandika mwenyewe ingeua kifaa changu cha gemu, lakini kimewaka. Ila ili nijaribu kucheza wawili bila waya, nilihitaji kifaa cha pili, na anacho kaka yangu Gidi, kule Nakwa. Hatukuwa tumesemeshana tangu ugomvi wa shamba la baba.

Nimekwenda hivyo hivyo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umeleta nini?"

Nikamwekea programu, tukakaa kibarazani, kila mmoja na chake. Mara ya kwanza havikuonana.

"Sogea karibu," akasema.

Nikasogea. Jina lake likatokea kwenye kioo changu.

Shamba hatukulitaja. Naogopa siku tutakayolitaja. Lakini leo amenisindikiza mpaka barabarani, akaniuliza nitarudi lini.