Mama Anadhani Akili Zinamwacha, Kumbe ni Mimi

Mshauri wangu mpendwa, nakuandikia huku naona haya hata kwako usiyenijua, nisaidie kabla mambo hayajaharibika kabisa. Mimi ni fundi wa kompyuta katika ofisi ya ghorofa nne, na tuna programu inayoniwezesha kuingia kwenye kompyuta ya mtu yeyote nikiwa nimekaa chumbani kwangu kule chini, naona anachoandika, nashika kishale chake, natatua tatizo bila kupanda ngazi. Zamani nikiingia, utepe mwekundu ulikuwa unatokea juu ya skrini kumjulisha mtu kwamba fundi yumo, lakini watu wakawa wananipigia simu kila saa kuuliza nafanya nini, nikachoka, nikauzima.

Sasa, ghorofa ya tatu yuko katibu muhtasi wetu, mama wa umri wa mzazi wangu, mchapakazi hasa, ila akiandika huchanganya "r" na "l", na siku moja alitoa tangazo la kutukaribisha wote "kura chakula cha mchana", ofisi nzima ikacheka, wakamuuliza mgombea ni nani, na tangu hapo wanamwita Mama Kura akiwapa mgongo. Mimi nilimwonea huruma, nikawa namvizia akiinuka kupeleka faili, naingia kwenye kompyuta yake, nasahihisha, natoka, na kusema kweli nilijiona mtu mwema sana. Basi mkono ukanogewa, nikatoka kwenye herufi nikaingia kwenye sentensi, hii naihamisha juu, ile naifuta, mpaka mkurugenzi akaanza kumsifu kwa barua zake nzuri, nami huku chini natabasamu peke yangu.

Wiki mbili zilizopita aliniita ofisini kwake. Alifunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, usimwambie mtu. Naandika kitu, nikirudi nakuta kingine, na sikumbuki kukiandika. Marehemu mama yangu alianza hivi hivi, mwisho akawa hatujui hata sisi wanawe." Mshauri, hapo ndipo nilipaswa kusema. Badala yake nilimwambia pole mama, labda ni uchovu, nikaizima kompyuta nikaiwasha tena kana kwamba nimefanya kazi, naye akanishukuru.

Nikaacha kuingia, nikadhani yatapoa yenyewe, lakini juzi nilishindwa kujizuia, nikachungulia, nikamkuta anaandika barua ya kuomba kustaafu mapema kwa sababu ya afya, yenye tarehe ya Ijumaa hii, na alipoinuka kwenda kunywa maji, naona aibu hata kuliandika hili, niliona ameandika "kwa hiali yangu", nikafuta ile "l" nikaweka "r", ikawa "hiari", nikatoka. Nikisema ukweli nitafukuzwa kazi, na mke wangu ana mimba ya miezi saba. Nikinyamaza, mama wa watu anaondoka. Nifanye nini?

Fundi wa Chini

JIBU

Fundi, barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zote ili jibu likufikie kabla ya Ijumaa. Pole nakupa, lakini kidogo, maana ulianza kwa huruma. Ila kama ulimhurumia kweli, ungepanda ngazi ukamwambia usoni, "Mama, hapa ni l." Ulitaka wema usiokutia jasho, na sifa ukajipa mwenyewe.

Halafu unaniambia umesahihisha "hiari". Hiari gani, fundi? Mama huyo anaondoka kwa hofu, na hofu umempa wewe. Neno ulilikuta lina kosa la herufi moja, ukaliacha likiwa uongo mzima.

Panda ghorofa ya tatu leo. Usimpigie simu, na usithubutu kumwandikia chochote kwenye skrini yake. Funga mlango na uanze hivi: "Mama, huumwi. Ni mimi." Mambo ya huruma yako na wanaomcheka yatafuata baadaye, akiyataka. Akilia, kaa. Akikutukana, kaa vilevile. Akitulia, mwoneshe hiyo programu inavyofanya kazi ili asidhani unamfariji tu, kisha nenda kwa mkurugenzi mwenyewe, kabla hujaitwa. Na huo utepe mwekundu uwashe leo, kwenye kompyuta zote. Watu wakipiga simu kuuliza, uwajibu, ni haki yao.

Usimwombe mama akufichie siri kwa sababu ya mimba ya mkeo. Mzigo alionao unamtosha. Kuhusu kazi, huenda ukafukuzwa, siwezi kukudanganya, kwa hiyo mkeo asikie habari hii kwako kwanza.

Unanieleza hofu ya kazi yako na yeye hofu yake ameifungia mlango. Bila shaka kila asubuhi mama huyo anaamka akijipima kama bado anakumbuka majina ya wanawe. Leo ameshajipima. Kesho asijipime tena.