Funguo za Masjala

Dar es Salaam, 3 Februari 1997

Baba mpendwa, shikamoo. Vumbi la Ipagala linakutendeaje? Goti la mama limetulia? Mimi mzima, ila joto la huku linanichemsha kama maharage.

Nimepewa kazi kubwa. Hospitali moja inahamishia majalada ya wagonjwa kwenye kompyuta, na mimi ndiye wa kuamua nani aone nini. Njia ziko tatu. Ya kwanza, aliyefungua jalada ndiye anayewaruhusu wengine. Ya pili, kila karatasi inagongwa muhuri wa siri, na hata bosi haubadilishi. Ya tatu, ruhusa inafuata kazi ya mtu, si jina lake; akihamishwa, anaiacha mezani.

Naogopa, baba. Nikikosea, siri ya mtu itafika sokoni. Wewe ulishika masjala ya hospitali miaka ishirini na mbili. Ungechagua ipi?

Mwanao, Shamimu


Ipagala, 20 Februari 1997

Marahaba mwanangu. Tu wazima, na goti la mama yako linatabiri mvua kuliko redio. Barua yako nimeisoma mara nne, ya nne kwa sauti, asikie kuwa mumewe bado anaulizwa mambo.

Umenikumbusha mbali. Ile harufu ya karatasi kuukuu, rafu mpaka darini, majalada ya kaki yamefungwa kamba. Daktari Charles akitaja namba tu, nimeshasimama. Funguo zilikuwa mbili, zote mfukoni mwangu, na mji mzima ulilala usingizi. Siku hizi kila kitu cha binafsi, hata zahanati, na hakuna anayemjua mwenzake. Nazililia siku zile, nisikufiche.

Chagua ya kwanza. Mwamini mtu. Mashine haina haya.

Baba yako


Dar es Salaam, 9 Machi 1997

Baba, shikamoo. Mimi sijambo, nawaombea afya nyote.

Usinune, ya kwanza nimeiacha. Kwetu kila mtu ni shemeji wa mtu. Akiombwa ruhusa atakataaje? Ya pili ni ya kijeshi mno, muuguzi wa zamu atashindwa kumtibu mgonjwa kwa sababu ya muhuri. Nimechukua ya tatu. Ila nimekwama kwa karani. Kazi yake ni kuleta jalada, je, alisome? Meneja anasema alisome tu. Wewe uliwahi kuchungulia? Nijibu kabla mwezi haujaisha.

Mwanao, Shamimu


Dar es Salaam, 28 Aprili 1997

Baba, shikamoo. Kimya chako kinanitisha. Kazi wameisogeza hadi Juni. Mama ananiandikia kuwa umekwenda Bahi mara tatu. Bahi tuna nani?

Mwanao


Ipagala, 16 Mei 1997

Marahaba, Shamimu. Mwili mzima, moyo ndio uliougua.

Karani asione ndani. Jina na namba ya rafu vinamtosha, hata akiwa baba yako.

Nilichungulia. Mwaka 1979 binamu yako Hamza alitaka kumwoa Hana, binti wa fundi cherehani Yahaya, jirani yetu. Kabla ya kupeleka posa wazee wakanijia masjala: mficha maradhi kilio humuumbua, hebu tuangalizie. Sikuona ubaya, ni ndugu zangu. Nikasoma ukurasa wa kwanza: kifafa. Nikawaambia, posa ikafa, na neno likamfikia Yahaya. Wiki ile ile, nikirudisha jalada rafuni, nikafunua wa pili. Daktari alikuwa amesahihisha: ni degedege la malaria, la Hana alipokuwa na miaka mitatu, na alipona. Sikumwambia mtu. Niliona aibu, mimi karani hodari, kusoma nusu.

Hana yuko Bahi, analima mpunga. Mara mbili nilifika stendi nikageuza. Ya tatu nilimkuta majarubani, nikamweleza yote nimesimama kwenye tope.

Akasema, "Mzee Bushiri, nilijua zamani. Funguo si ulikuwa nazo peke yako? Nilikuwa nangoja uje umwambie baba. Alikufa akiamini namficha ugonjwa."

Mzee Yahaya tulimzika mwaka juzi. Na mimi nilibeba jeneza.

Baba yako