Mama Hataki Utando Uguswe

Jumanne, 3 Juni 1969

Mtoto wetu tulimpoteza Jumamosi alfajiri. Mimba ya miezi mitano. Ijumaa jioni Asha, mke wangu, aliumwa na buibui stoo akiinua gunia kuukuu. Naandika sasa hivi, maana humu nyumbani hadithi imeshaanza kubadilishwa.

Alisema kitu kimemchoma kama sindano. Alama ndogo tu kidoleni. Tukacheka! Halafu maumivu yakapanda mkono mpaka kwapani, yakashuka. Tumbo likakaza kama ubao. Jasho linamtoka, na baridi hii! Mama yangu akasema ni malaria, akampa kwinini. Usiku ukaishia hapo.

Daktari anasema huenda ni ile sumu, huenda mimba ingetoka hata hivyo. Hawezi kuapa. Mama ameshika hilo la pili tu.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeingia stoo na tochi na kijiti. Nimegeuza masanduku yote aliyoyaacha mzungu aliyekuwa na nyumba hii. Wako wengi. Si wale wa miguu mirefu wa darini, hao hawana neno. Huyu tumbo ni mviringo kama njegere, rangi ya kahawia, na chini doa jekundu. Utando wake ovyo ovyo, karibu na sakafu, nyuzi ngumu — ukizivuta zinalia. Mayai yako kwenye vifuko vyenye vimiiba, kama matunda machanga ya mbarika.

Sikuua hata mmoja. Kwetu buibui hauawi. Alitanda kwenye mlango wa pango, maadui wakapita, Mtume akasalimika. Hilo nilifundishwa kabla sijajua kuhesabu. Basi mzungu alipoondoka nikanunua nyumba yake hapa Kimumu, kwa jasho la lori moja, bila msaada wa baba wala mjomba — na Mama akakataza ufagio stoo. Nikatii.

Kibet na wenzake, waliogawana shamba la mzungu yuleyule, walichoma magunia yote siku ya kwanza. Leo amechungulia uani: "Bwana Farah, bado unafuga wapangaji wasiolipa kodi?" Hakuwa na habari za Asha. Nilipomwambia alivua kofia.

Jumatatu, 9 Juni

Asha yuko kwa baba yake, mjini. Stoo ikibaki vile, harudi. Simlaumu.

Nimemuuliza shehe. Kinachodhuru kinauawa, hakuna dhambi. Nikamletea Mama jibu hilo, nikaongeza langu: yule wa pangoni alitanda mlangoni, peupe. Huyu anajificha chini ya gunia.

"Wewe ulikuwepo pangoni?"

Nikasema sikuwepo, lakini Asha alikuwepo stoo.

"Asha mwili wake laini. Mimi naingia humo kila siku kuchukua makaa. Nimekufa?"

Nyumba ni yangu, na naomba ruhusa ya kufagia!

Alhamisi, 12 Juni

Mama hajala tangu asubuhi. Eti baridi imemwingia. Nimemkuta amejikunja, shuka limelowa, mkono wa kulia ameuficha chini ya shali. Nikamgusa tumbo. Gumu.

"Mama, ulikuwa stoo?"

"Ni malaria."

"Malaria haikazi tumbo hivi."

"Umekuwa daktari lini, Farah? Niache nisali."

Uso kaugeuzia ukutani. Nimejaribu kufunua shali, akanipiga kofi kwa mkono wa kushoto. Kofi la mtu asiye na nguvu.

Rael, mke wa Kibet, yuko naye ndani, anamvalisha. Lori linanguruma nje. Mimi niko barazani, naandika. Kwenda hospitali tunaenda, apende asipende. Lakini nimwambie nini daktari? Nikisema malaria, atapewa kwinini — na sisi tunajua kwinini haikumsaidia Asha kitu. Nikisema buibui, Mama atakana mbele yake. Daktari atamwamini nani?

Nimemwita Mama dirishani. Saa kumi na moja kamili tunaondoka, na kabla ya hapo nataka neno moja tu. Pango tuliache. Asha tumwache. Umeumwa, Mama, au hukuumwa?