Mkono Kinywani mwa Tufani

Pujini, 4 Januari 2025

Mwanangu Ummkulthum,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo, alhamdulillah, ila mama yako na magoti yake yale yale. Wewe je, na virusi vyako huko Pretoria?

Ng'ombe wetu Tufani amekufa. Dume lililokuwa likipiga miayo uwanjani, msimu huu kwenye mchezo wa ng'ombe lilitimua watu hadi wakapanda minazi! Nilijiona mfalme. Kisha akanguruma mpaka sauti ikakauka, mate yakawa yanamtiririka. Nikadhani kakabwa na fenesi. Nikamtia mkono kooni, sikukuta kitu. Asubuhi tukamkuta baridi. Hatukuwahi kumchinja, tukamfukia.

Baba yako

Pretoria, 4 Januari

Baba,

Shikamoo. Ujumbe wako umenifika sasa hivi kwenye simu. Mpe mama pole ya magoti.

Ukali wa ghafla, sauti kukauka, mate: baba, hicho ni kichaa cha mbwa. Ndicho ninachokisoma maisha yangu yote. Kimo kwenye mate, na mchubuko mdogo tu wa mkono unakitosha. Dalili zikishamtokea mtu, hata maji yakamshinda kumeza, hapana dawa, hapa wala popote. Osha mkono kwa sabuni na maji mengi, kisha nenda Wete leo hii ukachomwe chanjo.

Nani mwingine alimshika? Naogopa, baba. Nijibu.

Mwanao

Pujini, 7 Januari

Mwanangu,

Waaleikum salaam. Tu wazima. Nimekwenda Wete. Nilimkuta tabibu kijana, mwenye adabu zake. Kusikia jina langu akatoa simu, akanionyesha makala yako. "Mzee, ugonjwa huo Pemba haupo tena. Kasema mwanao mwenyewe, na dunia nzima yamfuata yeye. Chanjo siku hizi hatuagizi." Akanisindikiza mpaka mlangoni.

Sikufichi, kifua kilinijaa. Nilirudi nyumbani nikitembea kama bwana harusi. Basi na wewe tulia, hukuandika mwenyewe?

Baba yako

Pretoria, 7 Januari

Baba,

Shikamoo. Nilichoandika kilikuwa kweli mwaka nilipokiandika. Akishuka mbwa mmoja mgonjwa bandarini, kimeshakuwa uongo. Makala ile imesomwa mpaka nchi nisizozijua, watu wamepanga chanjo zao kwa kuifuata, nami nimepigiwa makofi kwenye kumbi. Leo imekurudisha nyumbani mkono mtupu. Silali.

Nimezungumza na tabibu. Amelia kwenye simu, maskini. Chanjo itafika kesho kutoka Unguja. Usikose hata sindano moja.

Na hujanijibu. Nani mwingine alimshika Tufani?

Mwanao

Pujini, 14 Februari

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Nimenyamaza muda mrefu, nisamehe. Sindano nimemaliza zote, mzima kabisa.

Mkono ule haukuwa wangu. Wangu mnene, haupiti pale. Mimi nilishika pembe, aliyetia mkono ni ndugu yako Nassor. Unajua alivyokuapia kuwa hachezi ng'ombe tena, tangu avunjwe mbavu. Akaniomba nisimtaje, nami nikaubeba mkono wake. Nilisema moyoni, wewe ukisikia nimechomwa utatulia, naye ni kijana, damu yake ina nguvu. Sindano ya kwanza ilipoingia nilitaka kumwambia tabibu. Nikaona haya.

Yuko Kisiwa Panza anavua. Jana ameagiza kwa mtu kwamba ule mkono unamwasha, pale alipochubuliwa na meno. Anauliza apake nini.

Mama yako hajui. Nifanye nini?

Baba yako

Pretoria, 14 Februari

Baba,

Mfuate sasa hivi. Usingoje boti ya kesho, kodi yoyote utakayoipata. Ukimkuta, kabla ya salamu nyingi, mpe maji ya kunywa. Kaa mbele yake umtazame. Usimwambie kwa nini. Kisha niandikie alivyofanya, neno kwa neno.

Sina hasira nawe. Nenda tu, baba.

Mwanao

Kisiwa Panza, 15 Februari

Mwanangu,

Nimemkuta amekaa kivulini, anacheka na wenzake. Amenikumbatia. Nikamtilia maji kikombeni, akasema ana kiu kweli. Alipoyasogeza mdomoni shingo ikamkakamaa, akakisukuma kikombe, yakamwagika yote. Akajaribu tena. Ananiuliza mimi, "Baba, n'na nini?"

Njoo nyumbani.

Baba yenu