Baba, Mama Ameruka

Mpendwa Baba,

Asubuhi hii ukungu umelala Bukoto yote. Maghorofa ya ng'ambo yanaonekana kama yameng'oka ardhini, yanaelea. Asubuhi za namna hii ungetoka barazani na chai yako ya tangawizi, ukatazama juu, ukasema, "Leo hakuna kuruka. Waache wageni walale."

Uliacha jeshi la askari wa miavuli ukiwa na goti bovu, lakini anga haikukuacha. Wateja walipoanza kuniuliza, pale Kansanga ninapowapangia wageni safari, kama hapa kwetu mtu anaweza kuruka na mwavuli kwa kujifurahisha tu, nilikuja kwako. Ulicheka. "Kuruka si kazi, Hawa. Kazi ni kupata pa kuangukia."

Na tulipatafuta! Kasese, ndege ikiwa imeshatolewa mlango, upepo ukashuka kutoka milimani na hatukuruka. Tukashinda chini ya bawa tukitafuna karanga na wageni walionuna. Ssese, yule bwana harusi akapeperushwa hadi kwenye shamba la mananasi, na mwenye shamba akamwambia, "Ssebo, bwana wangu, si ungepita njiani kama watu wengine?" Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Mama hakuja hata mara moja. Tukifunga mizigo alisimama mlangoni na uso mkavu. Nilidhani ni woga. Kumbe ni wivu, Baba. Alikuwa na mke mwenza huko juu, na hakuwahi kumwona.

Alipomaliza eda ya kifo chako, tukiwa mezani, alinikatia kipande cha mkate wa gurusa akasema, "Nipangie na mimi."

"Nikupangie nini, Mama?"

"Kule alikokuwa akienda baba yako. Nataka kupaona."

Nilitaka kukataa. Nilikuwa nimeshakuzika wewe. Ningewezaje kumtundika Mama angani? Nikamwambia presha yake haitaruhusu. Akaenda kwa daktari mwenyewe, akarudi na ruhusa. Nikampigia Okello, yule uliyemfundisha kuruka, ambaye sasa ndiye mwalimu. Akasema, "Dada, nitamfunga kifuani kwangu kama mtoto. Lakini nikimkosea, mzee atanifuata."

Jinja tulikaa tangu alfajiri, mawingu yakakataa kuondoka juu ya mto. Mahali pengine tulipofika tulikuta wanakijiji wameanika mahindi kwenye kiwanja chote cha ndege. Mara zote mbili niliona Mungu ananinusuru. Mama alivua ovaroli ya kurukia, akaikunja taratibu, akauliza, "Sasa wapi?"

Ikawa Masindi, kwenye kiwanja cha majani. Ng'ombe walifukuzwa, wakarudi, wakafukuzwa tena. Mama alikaza hijabu yake kwa pini, akapanda ndege bila kuniangalia.

Nililala chali kwenye majani, roho mkononi. Ndege ikawa nzi, ikapotea ndani ya mwanga. Kisha nukta. Kisha mwavuli wa rangi ya chungwa ukafunguka kimyakimya, ukasimama pale juu kana kwamba haukuwa na haja ya kushuka. Baba, sikujua kwamba mtu aliye angani husikika. Nilisikia sauti ya Mama kabla sijauona uso wake. Alikuwa akikusalimia kwa lugha yetu ya Kinubi, salamu ndefu, ile aliyokupa kila uliporudi safari.

Walitua kwa makalio. Okello alikuwa analia. Mama alikuwa na majani kwenye meno.

Tulirudi kwa barabara ya Bombo, Mama akitazama dirishani. Tulipokaribia ulipolala akaniambia nisimamishe gari. Tangu tukuzike hakuwa amefika. Alisimama nje ya ua wa makaburi, ovaroli bado mwilini, vumbi mpaka nyusi. Akasoma Fatiha. Nikangoja machozi.

"Wewe mzee," akasema, kwa sauti ile ya kukugombeza jikoni, "si ungenichukua magoti yangu yakiwa bado mazima?"

Halafu akacheka, Baba. Alicheka ameshika ua kwa mikono miwili, na mimi nikamshika kiuno asianguke.

Sasa nakuandikia naye amelala chumba cha pili. Kwa muda mrefu nimekukosa kama mtu anayekosa ngazi gizani. Leo nakukosa kwa utulivu, kama nimejua ulikokaa. Akiamka najua ataniuliza kuhusu Jinja. Nitapiga simu, nitaomba vibali, nitawabembeleza wenye mashamba. Wewe lala, mzee wangu. Kuanzia sasa Mama ni wa kwangu kumsindikiza.

Ni mimi, binti yako, ninayebaki chini nikitazama juu,
Hawa