Kijidege Kilicholia Kushoto

Jumatatu, 9 Oktoba
Bila mimi leo tungeangamia! Sendi, binti wa dada yangu Lulong, homa ya uzazi imempanda. Mumewe, Jelian, akampakia mtumbwini ampeleke hospitali, huko chini ya mto. Kabla injini haijashika, kijidege kikalia kushoto, ndani ya majani. Tk-tk-tk! Hakuna aliyekiona. Nyumba ndefu nzima, jamaa zote za paa moja, ikanigeukia mimi. Nani mwingine? Mimi niliyemwita hondohondo kwa mluzi akaja kutua begani! Nikasema: ketupong. Ketupong akilia kushoto, safari imekufa. Angekuwa nendak, ndege wa baridi, yaani wa heri, wangekwenda salama. Jelian akasema homa haijui ndege. Lulong akamkemea — kaka yangu hajawahi kukosea ndege! Tukampandisha Sendi juu nyumbani. Sasa ni siku tatu za kungoja, ndivyo mwiko unavyotaka.

Jumanne, 10 Oktoba
Sendi hanyonyeshi. Kichanga kinazungushwa kwa wenye maziwa. Jelian kanipitia barazani: "Mjomba, si ulimng'oa mamba meno kwa koleo? Homa ndiyo inakushinda?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Kidogo.

Jumatano, 11 Oktoba
Nimeingia msituni peke yangu kumtafuta huyo ketupong, nirudi na manyoya yake nimzibe mtu mdomo. Ruba wamenimaliza. Nikaketi kimya. Tk-tk-tk — karibu kabisa, sauti ileile! Kikajitokeza kwenye tawi la chini. Mkia mrefu, kiuno cheupe, kifua rangi ya chungwa. Kikabinua mkia, tk-tk, halafu kikamwaga wimbo wote, wimbo ambao ketupong hana.

Nendak.

Lakini msitu una ndege wengi. Wa Jumatatu huenda alikuwa mwingine. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 12 Oktoba
Sendi hamjui mama yake tena. Chumba kinanuka. Lulong kauliza, kaka, kesho wataondoka? Nikamjibu ndege si mchezo. Wali wangu nimeurudisha chunguni.

Ijumaa, 13 Oktoba
Siku zimetimia. Niko gatini, naandikia gotini. Sendi yumo mtumbwini, kafunikwa blanketi, midomo imepasuka. Jelian kashika kamba ya injini.

Kijidege kimelia. Kushoto. Tk-tk-tk.

"Kaka, ni yuleyule?" Lulong anauliza, analia.

Moyoni najua: ndiyo, ni yuleyule. Wa Jumatatu, na wa Jumatano. Wote wananitazama. Jelian hana utani leo — "Mjomba. Tafadhali."

Nimewaambia wanyamaze. Wangoje kiimbe, nikisikie sawasawa.